Mikono Isiyopita Mabega

4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Hujambo wewe na shemeji? Mama naye, miguu haimsumbui? Mimi mzima, ila nina jambo, na naomba ulisome ukiwa umekaa. Mwisho wa mwezi huu nafanyiwa upasuaji wa kuinua matiti. Usicheke. Tangu nimwachishe kitinda mimba wangu ziwa na mwili ukapungua, kila nikijitazama kwenye kioo cha saluni naona kifua cha mtu mwingine. Daktari hakunificha kitu. Hayatakuwa ya kisichana, makovu yatabaki, moja kuzunguka chuchu na jingine likishuka chini, na chuchu zinaweza kufa ganzi kwa miezi. Nitalala chali, nitavaa sidiria ya kubana usiku na mchana, na kwa wiki kadhaa nisibebe kizito wala kuinua mikono kupita mabega. Mimi, msusi! Watoto wangu wako shule za bweni, nyumba nzima ni mimi na redio. Njoo uniuguze, hata wiki moja.

Mdogo wako

15 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika, sisi wazima. Barua yako nimeisoma nimekaa, nikasimama, nikakaa tena. Unakatwakatwa kwa ajili ya nani, na mume huna? Matiti hayo tumerithi wote kwa mama, na mimi yangu nayatia kwenye sidiria nakwenda zangu kuoka mikate. Haya, mwili ni wako. Ila mama sithubutu kumwambia. Nimemdanganya kwamba unaumwa mgongo. Sasa nikifunga safari na yeye atafunga, unamjua, na atataka aone panapouma. Kwa hiyo siji. Amekutumia dawa ya kuchua. Ipokee tu, mama wa watu.

Dada yako

9 Aprili

Dada,

Hujambo? Mama je? Dawa ya mgongo imefika, inanuka chumba kizima.

Upasuaji ulikwenda salama, na nilitolewa hospitali kesho yake. Kifua kilivimba kikawa na rangi ya bilinganya, lakini maumivu vidonge vinayatuliza. Kinachonitesa ni vitu vidogo. Sukari iko rafu ya juu, kwa hiyo chai nainywa hivyo hivyo. Nywele zimesokotana. Nimesuka vichwa vya mtaa mzima, dada, na sina hata mtu mmoja wa kunichana.

Juzi nimefanya ujinga. Mteja wangu alipita kunijulia hali, nikamwambia akae kwenye zulia nimsuke mistari miwili tu, mikono nikiishusha. Kusema kweli sikutaka aondoke. Miwili ikawa kichwa kizima, mikono ikapanda yenyewe kama ilivyozoea. Alipotoka nikaona sidiria imelowa damu. Mshono umeachia kidogo chini ya titi la kushoto. Daktari amenisafisha, akanigombeza vizuri, akasema patafunga taratibu, ila nikiona usaha au homa nirudi mbio.

Nakuomba tena. Mwambie mama lolote. Njoo.

Mdogo wako

20 Mei

Mdogo wangu,

U hali gani? Usinikasirikie kwa kukawia. Kila nikishika kalamu niliona haya, nikaiweka. Jana mama kaniuliza mgongo gani huu usiopona, nikashindwa, nikamwambia yote. Nilijua atapiga kelele. Akasema tu, "Kwa hiyo mwanangu yuko peke yake?" Kisha akaenda kufunga mzigo wake.

Nimeomba ruhusa kazini. Katikati ya Juni tunakuja wote wawili. Nitakupikia, nitakuogesha, nitakuchana hizo nywele, na usithubutu kunyanyua hata kijiko.

Dada yako mjinga

27 Mei

Dada yangu,

Sijambo kabisa, na nimefurahi kusikia mama anakuja. Mshono umefunga, nimerudi saluni. Uvimbe umepungua, daktari anasema umbo litaendelea kutulia kwa miezi. Upande wa kushoto bado una ganzi na kovu lake ni pana kuliko la kulia, lakini nikijitazama kwenye kioo sasa najiona mimi. Sijuti hata kidogo.

Nitawapokea stendi. Mizigo nitabeba mimi na jikoni nitaingia mimi, wewe pumzika na safari. Ile siku niliyokuwa nakuhitaji imeshapita, dada. Sasa karibuni kama wageni.

Mdogo wako