Fukusi wa Mama Yako Waliokataa Kufa kwa Jua

Chumba cha Wadudu,
Nyuma ya Jengo la Utafiti.
14 Februari

Mpendwa mpwa wangu Maswali Mengi,

Nakusalimu kutoka kwenye kiti ambacho mimi nikiinuka kwenda kunawa tu, utafiti wote wa wadudu na joto unasimama kunisubiri. Hujambo lakini? Kifua kimepona? Na hospitalini huko bado wanakurundikia wewe zamu za watu? Sisi huku wazima. Mguu wangu ulitaka kunisumbua, nikaukemea, ukatulia.

Kwenye barua yako uliuliza swali moja tu, ajabu kwa mtu kama wewe: kwa nini fukusi wa mahindi ya mama yako hawafi kwa kuanikwa juani, na miaka yote walikuwa wanakufa? Umeuliza penyewe. Hakuna anayewajua fukusi kama mimi. Nawalisha, nawachekecha, nawabadilishia chupa. Wakiniona wanajipanga foleni.

Hali yenyewe haikuwa nzuri, sikufichi. Magunia yaliyobaki stoo ndiyo chakula cha nyumba nzima mpaka mavuno. Ukitega sikio ulikuwa unawasikia fukusi wanatafuna, kama manyunyu juu ya bati. Mama yako alikuwa halali usiku, na akiniangalia ni kama mimi ndiye ninayetafuna.

Hapo, mwanangu, palipita kosa dogo la kitaalamu. Daktari wetu wa wadudu ana kabati la joto. Anawatia fukusi humo kwenye joto la wastani, anawatoa wapumzike, kisha anawarudisha kwenye joto kali. Mimi nikaona hiyo ndiyo njia ya kisasa ya kuua. Msomi mzima ahangaike mara mbili bila sababu? Nikampelekea mama yako habari ikiwa bado ya moto: siku ya kwanza anika asubuhi tu, jua likiwa pole, halafu anua, kesho yake ndiyo uwaunguze. Akafuata neno kwa neno. Fukusi wakaota jua kama watalii, wakarudi guniani wamenawiri.

Nilimsimulia Daktari nikingoja pongezi. Akaweka kalamu chini.

"Mzee, hiyo si njia ya kuwaua. Hiyo ni njia ya kuwakomaza."

"Kuwakomaza vipi tena, Daktari?"

"Ndiyo kazi yangu hapa. Nataka kujua kwa nini walioonja joto kidogo wanahimili joto kali, na wenzao wanakufa."

Nilivuta kiti. Nikamuuliza mpaka chai yake ikapoa.

Anasema mwilini mwa fukusi mna protini, kama ute wa yai. Joto likizidi zinaharibika, kama ute unavyoganda kwenye kikaango, na hapo mdudu amekwisha. Lakini mna jeni ambazo siku za kawaida zinasinzia. Joto la wastani likimgusa mdudu zinaamka, zinaagiza protini nyingine za ulinzi, nazo zinazishikilia zile za kwanza zisivurugike. Joto kali likija, linakuta walinzi wamekwisha kusimama mlangoni. Mdudu asiyefika hata nusu ya punje ya mchele! Nilimwambia anionyeshe hizo jeni. Akanipa kichupa cha fukusi waliosagwa. Nikatazama kwa jicho hili, nikatazama kwa lile. Maji matupu. Anacho kifaa kinachomwambia jeni ipi imeamka na kwa kiasi gani, na tangu siku hiyo nakizunguka kama paka jikoni.

Na watoto wao je, wanazaliwa wameshakomaa kwa joto? Hilo nilimuuliza mimi, si mwingine. Akasema, "Hilo bado tunalitafuta." Unaona sasa jinsi nchi nzima inavyonitegemea.

Dawa aliyonipa ilikuwa ngumu kuipeleka. Ulinzi ule haudumu. Fukusi wakikaa siku kadhaa kivulini, jeni zinarudi kusinzia. Kwa hiyo kwanza mahindi yasiguswe. Fikiria kumwambia mama yako akae kimya wakati analiwa chakula!

"Juzi uliwapasha misuli," akaniambia, "leo unataka niwape na likizo? Kaka, hao wadudu wanakulipa nini?"

Akakubali, ila kwa sharti kwamba yakishindikana, nitakula mimi hayo mahindi pamoja na fukusi wake.

Tukangoja. Siku ya jua lisilo na wingu tukatandaza plastiki nyeusi uani, mahindi juu yake kwa tabaka jembamba, unaweza kuona chini, halafu plastiki angavu juu, kingo tukazikandamiza kwa mawe. Ya mbegu tuliyatenga, maana joto hilo linaua na uotaji. Tukawapiga mara moja tu, jua la utosini, bila kuwaonjesha kwanza. Ukigusa plastiki unaurudisha mkono mwenyewe. Tulifunua jua lilipoinama, mahindi yakapoa, tukayachekecha, tukayatia kwenye magunia mapya. Halafu tukatega sikio. Kimya. Mama yako hakuamini. Akaingiza mkono guniani mpaka kwenye kiwiko, akapapasa, akautoa. Hakuna kilichotembea. Alicheka mpaka akakaa chini, na usiku huo akalala.

Msalimie mumeo na yule mdogo, mwambie babu yake mdogo anamwekea fukusi mmoja chupani. Shangazi yako na fundi wa jirani wanakusalimu. Mungu akufunike huko uliko, akurudishe na afya yako.

Kitu kimoja nakwambia mwenyewe, kabla mama yako hajakupigia simu akatia chumvi. Aliniambia mimi ndiye niingize mkono, kwa kuwa ndiye mtaalamu. Sikuingiza. Kazini navaa glavu, mpwa wangu. Fukusi wakinitembea mkononi napiga kelele. Alipokuwa anapapasa, mimi nilikuwa nimesimama juu ya ndoo.

Ni mimi mjomba wako nikupendaye bila kipimo,
Profesa (ndivyo askari wa getini wanavyoniita)