Moto wa Perin Chumbani Kwangu

Mume wangu, Baba Zuwena,

Mwaka wa pili huu tangu tukuzike hapa Ibra, Oman, na mimi bado nina wivu. Najicheka mwenyewe, mjane mtu mzima, kuona wivu kwa ajili ya taa.

Unakumbuka tulipohamia kutoka Unguja, umeme haujafika mtaani kwetu? Kila nikiinama kuipuliza taa ya chemni, unanishika mkono. "Usipulize, mama. Teremsha utambi." Kisha unateremsha mwenyewe, taratibu, mpaka izimike. Nikawaringia mashoga zangu kwamba mume wangu mpole hata kwa taa.

Mpaka dada yako alipokuja kututembelea kutoka Sur. Alikuona, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Wallahi kaka hajaacha! Haya kayatoa kwa Perin, yule binti wa Kiparsi, jirani yetu Unguja. Wale pumzi ya mtu kwao haitakiwi iguse moto."

Ndiyo nikajua kwamba kulikuwa na Perin.

Baada ya hapo kila kitu nilikisikia upya. Kumbe ndiyo maana ulijua kwamba moto wa hekalu lao Unguja ulilishwa kuni za sandali usiku na mchana, na kwamba asiye wao hapiti mlangoni. Babu zao walikimbia Uajemi na dini yao, wakawasha moto Bara Hindi, biashara ikawaleta Unguja. Na kutoka kwa Perin, adabu ya moto ule ikafika Ibra, chumbani kwangu, bila mtu kunitaka ruhusa!

Na siku Zuwena aliporudi kutoka skuli akasema Majusi, ndio hao watu wa dini ya Perin, wanaabudu moto? Ulimkemea mtoto kama katukana ukoo wako. "Hawauabudu! Wanasali mbele yake. Wewe ukisali mbele ya ukuta, unauabudu ukuta?" Mtoto akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia sufuria. Nilikuwa nachemka kuliko mchuzi.

Jioni ile nikakuuliza, "Ulitaka kumuoa?"

Hukukataa. Ulisema, "Angeolewa na mimi, wenziwe wasingemruhusu tena kuingia hekaluni kwenye moto wao. Sikuweza kumwambia auache."

Nilikumiminia kahawa. Uliona nimeridhika. Sikuridhika hata kidogo, Baba Zuwena.

Kwa sababu mimi uliweza kuniambia. Ulirudi kutoka barazani siku moja ukasema, "Tunahamia Oman," nami nikafunga mizigo. Mama yangu alibaki Malindi, kule kule Unguja, peke yake, akafa, akazikwa na majirani. Hukuniuliza kama nitaweza kumwacha.

Nakuombea rehema kila Ijumaa, na kwa moyo safi. Lakini siku tutakayokutana huko uliko, usinitangulizie salamu. Nijibu kwanza: kwa nini yeye ulimwonea huruma?

Mkeo,
Mama Zuwena