Upande wa Pili wa Kaseti

Pototan, 4 Februari 1987

Mpendwa Tatay,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi huku wazima. Bibi miguu inamsumbua, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Wewe je, u hali gani huko Penang? Kile kikohozi ulichokuja nacho Krismasi kimekwisha?

Nina habari mbili. Ya kwanza, niliimba kwenye shindano la sikukuu ya mtaa, nikawa wa pili. Wa kwanza ni Merlinda, binti wa fundi cherehani. Mwisho wa wimbo alipiga ukelele mpaka mbwa wa kanisani wakamjibu, na majaji wakasimama kumpigia makofi. Mimi sikupiga ukelele kwa sababu nilisahau maneno.

Ya pili, nimeamua. Nikimaliza shule nataka kuwa mwimbaji. Siyo wa harusini, wa redioni. Bibi anasema ukoo wetu tayari una mwimbaji mmoja na hata huyo haonekani nyumbani. Sasa wewe ndiye unayeishi kwa kuimba, nishauri. Nianzie wapi?

Nakurudishia kaseti yetu. Nimefuta maneno yako ya mwaka mpya, kama kawaida, nikaimba nyimbo tatu juu yake. Usiwape wenzako wa bendi wanicheke.

Mwanao,
Jovelyn

Penang, 22 Februari 1987

Inday wangu,

Barua na kaseti nimevipata, binti yangu, na nimefurahi kusikia hamjambo. Mpe bibi yako pole ya miguu. Mimi sijambo, ila koo linakwaruza. Rudy, mpiga ngoma wetu, anasema siku hizi naimba kama mlango wa gereji. Wageni wa hoteli wanadhani ni mtindo mpya.

Samahani, niliwapa wasikilize, na hawakucheka. Rudy aliurudisha ule wimbo wa pili mara mbili, na huyo ni mtu asiyemsifu hata mkewe. Kwa hiyo nakujibu kama mwenzangu wa kazi.

Usishindane na Merlinda kwa kelele. Kwetu watu wanaona wimbo usiomalizika kwa ukelele haujamalizika, na majaji nao ni watu wa kwetu. Nimefanya kazi na wasichana wa namna hiyo. Wakifika miaka thelathini wanaagiza hata chai kwa kunong'ona. Mwambie mpiga gitaa aushushe wimbo mpaka ukukae kama gauni lako mwenyewe. Huko juu ndiko koo linakoharibika.

Maneno uyajue hadi uweze kuyaimba huku ukimenya vitunguu. Ukipanda jukwaani mtafute mtu mmoja aliyekaa nyuma, mwenye uso wa kuchoka, umwimbie huyo. Wengine watasikia tu. Ukiletewa karatasi ya kutia sahihi, sema unaipeleka kwa bibi yako aisome. Atakayekasirika, mkimbie. Na usijifanye kulijua jambo usilolijua, ukadhani sauti nzuri itakufichia. Haifichi.

Kula vizuri. Soma pia.

Baba yako,
Tatay

Pototan, 15 Machi 1987

Mpendwa Tatay,

Hujambo huko? Sisi hatujambo. Bibi anakusalimu, anauliza kama unakunywa maji ya moto na ndimu ndogo au unakunywa yale mengine. Nimemwambia maji ya moto.

Tatay, keti usome vizuri. Redio ya Iloilo imetangaza kwamba kampuni moja ya Manila inatafuta waimbaji wapya. Mtu anapeleka kaseti yenye nyimbo mbili, mmoja uliokwisha kuimbwa na mmoja ambao haujawahi kusikika popote. Mwisho ni Jumatatu ya Pasaka. Kaseti watazirudisha.

Wa kwanza ninao. Wa pili ndio ninaokuomba. Ule wimbo uliomtungia Mama. Nilikuwa na miaka minne alipofariki, na ninachokumbuka ni wewe unaupiga kwenye ngazi na yeye anakuambia unakosea. Hukuuandika popote. Uimbe kwenye kaseti, Tatay, niujifunze. Nakuahidi sitaupigia ukelele.

Mwanao,
Jovelyn

Penang, 2 Aprili 1987

Inday,

Salamu kwako na kwa bibi. Natumaini mu wazima. Mimi naendelea.

Kaseti hii hapa. Wimbo wa mama yako uko upande wa kwanza. Ni kweli nilikuwa nakosea, kwenye ubeti wa tatu, na nimekosea tena makusudi ili uujue kama alivyoujua yeye.

Upande wa pili siyo wa nyimbo. Barua zangu unamsomea bibi yako, kwa hiyo mengine nimeyaweka humo. Usikilize peke yako, usikilize wote, kisha unijibu. Nimevivunja vile vibanzi viwili vya mgongoni mwa kaseti ili isifutike kwa bahati mbaya.

Nasubiri jibu lako.

Baba yako,
Tatay

Pototan, 26 Aprili 1987

Mpendwa Tatay,

Shikamoo, na heri ya Pasaka iliyopita. Sisi wazima kabisa. Bibi alitembea na maandamano ya Ijumaa Kuu mpaka mwisho, sasa anadai miguu yangu ndiyo mibovu.

Nimepeleka, Tatay. Jumatatu asubuhi, mimi mwenyewe, mpaka Iloilo. Nilinunua kaseti mpya nikaimbia nyuma ya nyumba, mwana wa jirani akanipigia gitaa, na wimbo wa Mama tuliushusha kama ulivyosema. Baadaye nikala mabakuli mawili ya supu ya tambi sokoni peke yangu.

Ya upande wa pili nimeyasikia, asante sana. Usijali kuhusu mambo ya huku. Mimi nakuomba kitu kimoja tu: usiache kuimba. Nikikusikia unaimba ndipo najua nina baba. Siku moja tutasimama jukwaa moja, wewe na mimi, na Rudy na ngoma zake akipenda.

Mwanao anayekupenda,
Jovelyn

Penang, 14 Mei 1987

Inday wangu,

Nakusalimu sana. Natumaini barua hii itawakuta nyote salama.

Jibu lako nimelipata. Nililisoma mara tatu, kisha nikaenda kukaa ufukweni hadi saa ya mazoezi. Nimefurahi, nisikufiche. Nilikuwa natamani useme hivyo na nilikuwa naogopa useme hivyo. Nitafanya kama ulivyosema. Tusilizungumze tena kwenye barua, hasa kwa sababu ya bibi yako.

Sasa turudi kwenye kazi yetu. Watu wa Manila huchelewa kujibu. Usikae mlangoni kumsubiri tarishi. Imba kanisani, imba harusini hata kama hutaki, maana aliyeweza kuwanyamazisha walevi wa harusi ataweza kila kitu. Wakikukataa, lia siku moja, siku ya pili rudi kazini. Mimi walinikataa mara kumi na moja na bado nakula wali.

Naimba kila siku. Wageni wanapiga makofi. Nikimaliza nakuwaza wewe.

Baba yako,
Tatay

Manila, 9 Oktoba 1987

Tatay,

Sijui hata nikusalimu vipi. U mzima? Tafadhali niambie u mzima.

Nimekutumia simu ya maandishi leo asubuhi, lakini maneno ni machache mno, kwa hiyo nakuandikia yote.

Nilikudanganya. Sikununua kaseti mpya. Kaseti yako ilifika Jumatano ya juma takatifu, maduka yakafungwa kuanzia Alhamisi. Bibi alikataza redio siku mbili nzima kwa sababu ya kuimba Mateso ya Yesu. Jumamosi nikaazima redio kaseti ya jirani, betri zikiwa zimebaki kidogo. Nikaurudia wimbo wa Mama mpaka nikaushika. Upande wa pili niliuanza tu. Ulikohoa, ukasema, "Inday, keti kwanza." Nikaona sauti inavutavuta, betri zinakwisha, nikazima ili zinitoshe kurekodi. Nikaziba yale matundu ya vibanzi kwa karatasi, nikaimba nyimbo zangu mbili juu ya maneno yako. Nilijiambia utarudia. Miaka yote tumefutana, Tatay, na miaka yote ulirudia. Wewe ndiye uliyenifundisha kuziba kwa karatasi.

Halafu nikaona haya. Nikaandika kwamba nimesikia. Ulipoandika "nitafanya kama ulivyosema" sikuelewa nilisema nini, na kukuuliza kungetoboa siri yangu. Nikanyamaza. Barua zako za Juni na Agosti zilikuwa fupi, nikadhani umechoka na kazi.

Mwezi uliopita kampuni iliniita. Nimeshinda, mimi na wengine wawili. Jana nilikaa ofisini kwa Bwana Baltazar, ndiye anayechagua nyimbo. Akaweka kaseti yangu wenzake wasikie. Nyimbo zikaisha, wakaanza kunisifu, na hakuna aliyezima. Nyimbo zangu zilikuwa dakika saba tu. Upande mzima ni nusu saa.

Ukatoka wewe. Katikati ya sentensi. Ulisema, "…daktari akikata sanduku la sauti kooni nitapona, lakini sitasema tena wala kuimba. Asipokata, nitaimba mpaka itakapoishia, labda mwaka, labda usifike. Anataka jibu kabla ya Juni. Nimeshindwa kuchagua, Inday. Mama yako angekuwepo ningemuuliza yeye. Sasa nakuuliza wewe. Ukisema nikatwe, nitakatwa, na nitarudi nyumbani bubu nikufulie nguo zako za jukwaani. Ukisema niimbe, nitaimba." Kisha ukasema unaniimbia wimbo wa siku yangu ya miaka kumi na minane mapema, endapo hutaweza siku yenyewe. Ukauimba, na baada yake ukauimba wa harusi yangu.

Bwana Baltazar aliuliza, "Huyu ni nani, na kwa nini hakuleta kaseti yake?" Nikamwambia ni baba yangu. Nikaitoa kaseti kwenye mashine nikaondoka nayo. Ile karatasi yao ya mkataba ninayo, lakini sikuitia sahihi.

Tatay, sikukuambia uimbe. Sikujua nilichokuwa nasema. Laiti ningesikiliza ningekuambia ukatwe siku ileile, ningekuja kukushika mkono. Nenda kwa daktari leo. Mwambie mwanao alikosea, mwambie amebadilisha, mwambie chochote. Sitaki uimbe. Nakutaka wewe.

Jovelyn wako

Penang, 30 Oktoba 1987

Inday wangu,

Salamu. Nimeipata simu, kisha nimeipata barua. Umeniuliza kama ni mzima, na leo nitakujibu ukweli, maana tumeona uongo unavyotutenda. Nilikwenda kwa daktari siku ileile ya simu, kwa sababu uliniagiza. Amenikagua, akavua miwani. Ugonjwa umeshuka kifuani. Kukata sasa hakusaidii kitu.

Usiache kusoma hapo. Endelea.

Kosa la kwanza si lako. Mtu mzima hamuulizi binti wa miaka kumi na saba swali kama lile, tena ndani ya kaseti. Niliogopa, nikakutwisha mzigo wangu nikauita heshima. Na kuhusu vile vibanzi, mimi mwenyewe nilijua karatasi inatosha kuziba matundu yake. Ningetaka kweli usifute ningekuandikia kwa herufi kubwa.

Nakuomba kitu kimoja. Miezi hii sita nimepanda jukwaani kila siku nikijua mwanangu ndiye aliyenipandisha. Nimeimba vibaya, Rudy atakuambia, lakini sijawahi kuimba kwa furaha kama hiyo. Hapana, sikuwa nimedanganywa. Uliniambia ukinisikia ndipo unajua una baba. Hayo uliyaandika kwa mkono wako na hukuyatoa kwenye kaseti yoyote. Usiniambie tena kwamba hukuyasema. Niachie.

Umeniambia karatasi hukutia sahihi. Nyumbani ipeleke kwa bibi yako aisome, kama tulivyokubaliana. Kisha rudi ukaitie. Huyo Bwana Baltazar ana masikio. Ubeti wa tatu uimbe kwa kosa lake.

Sauti yangu imekwisha tangu Jumapili. Naandika kwenye daftari watu wasome, na Rudy anasema kwa mara ya kwanza naweza kuhimiliwa. Nafika Manila tarehe ishirini Novemba, ndege ya mchana, yeye atanisindikiza. Njoo unipokee. Bibi usimwambie bado, nitamwambia kwa uso wangu.

Njoo na hiyo kaseti, lakini usinisikilizishe. Sitaweza. Nataka tu kuona kama umeitoa ile karatasi kwenye matundu.

Na pale uwanjani, ukinikuta nimekonda, ukataka kulia, lia, mama. Ila lia kwa sauti ya chini. Huko juu ndiko koo linakoharibika.

Baba yako,
Tatay