Mtoto Asiyengoja Pakiti ya Pili

Kaloleni, Nairobi
19 Juni 1983

Mwanangu Caleb,

Pokea salamu za babako ambaye bado anapumua, ingawa wapo mtaani hapa wanaokitolea macho chumba changu. U hali gani huko Mombasa? Lydiah je, na yule mdogo, meno yametoka? Mimi goti hunisumbua asubuhi, mchana linasahau. Nakuandikia kwa Kiswahili ili mke wako naye asome, asije akadhani tunamteta.

Binti yako Benta, uliyeniachia nimlee, ni mzima. Tena mzima kupita kiasi, na hilo ndilo limenifanya ninunue stempu. Mwalimu wake, Bi. Teresiah, aliniita shuleni. Akaniambia mizani ya shule inaonyesha mtoto amenenepa haraka, anakula kila kinachopita mbele yake, na darasani anajibu kabla swali halijaisha, kwa hivyo anakosa. Kwake hayo mawili ni ugonjwa mmoja: asiyeweza kujizuia mbele ya chakula hawezi kuituliza akili mbele ya hesabu. Anataka mwakani Benta arudie darasa la tatu. Nikamwuliza yeye, kwa vile alivyokijaza kile kiti, alirudia madarasa mangapi. Hakucheka.

Akanieleza alivyojua. Maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali, yakiletwa shuleni, pakiti za watoto ambao hawakuja hubaki. Basi huwaambia darasa kwamba anayetaka anywe yake sasa, lakini atakayeiacha juu ya dawati bila kuigusa mpaka kengele ya saa nne atapewa ya pili. Wengi wao huweza. Benta hutoboa yake kabla mwalimu hajamaliza kusema.

Mimi nikashuku. Kwanza nilimshuku mwalimu mwenyewe, maana nani anazilinda hizo pakiti za wasiokuja? Nikaenda kusimama kando ya ua wa shule nikijifanya namngoja fundi wa viatu, na kwa macho yangu nikaona watoto wakipewa ya pili kama alivyosema. Nikashuku mizani yao. Nikampeleka Benta posho mill, nikampandisha pale wanapopimia magunia, mwenye mashine akauliza kama nataka unga laini au wa kawaida. Mizani ikasema yale yale. Nikamshuku Phelister wa mlango wa pili kwamba anamlisha mtoto ili mimi nimwoe. Akanijibu mbele ya watu bombani kwamba hata wanaume waishe nchi nzima hatanitaka, na kwamba Benta akila kwake hula mbiombio kama anayefukuzwa.

Jumapili nikaamua kuipima hiyo akili mwenyewe. Tukacheza drafti, yeye na vizibo vya Fanta, mimi vya Tusker. Nikamwachia njia wazi ya kuchukua king. Ulikuwa mtego. Mtoto akaitazama ile njia, akakunja mikono, akasogeza kizibo kingine kabisa. Akanikalisha vile mpaka mimi ndiye niliyeishiwa na subira, nikasogea ovyo, akanila vitatu kwa mkupuo. Hiyo ndiyo akili wanayosema haijui kungoja!

Nikamwuliza, basi maziwa yanakushinda nini? Akasema drafti anaiona yote, iko pale mezani, hakuna anayeondoka nayo. Lakini mtu akikuambia ngoja, huwezi kujua. Baba aliandika kwamba atakuja, angoje Pasaka. Kisha akaandika angoje shule zifungwe. Krismasi alivaa gauni tangu asubuhi, akaiweka sahani yake ya pilau kando ili ale nawe, wageni wakaja bila wewe, watoto wao wakaimaliza. Tangu siku ile yeye hula kilichopo. Aliyasema hayo akipanga vizibo upya, bila chozi, kama mtu anayetaja bei ya sukari.

Caleb, nimewashuku watu wa mtaa mzima na kuwaudhi, kumbe wa kushukiwa yuko Mombasa, na mimi ndiye niliyemzaa.

Sisemi unene wote ni wako. Mafuta ya Phelister yana sehemu yake, na hesabu za kugawanya kweli zinamsumbua mtoto. Nilimweleza mwalimu yote. Akasema hatakata shauri kabla ya Ijumaa ya mwisho ya Julai. Siku hiyo anataka kuongea na mzazi wake, si babu mwenye maneno mengi.

Sijamwambia Benta. Nawe usimwandikie hata mstari mmoja. Ukija, atakuona tu umesimama mlangoni. Usipokuja, hatajua kwamba kulikuwa na kitu cha kungoja.

Msalimie sana Lydiah, mbusu mdogo, na majirani wote wanaokukumbuka hapa wanakusalimu, isipokuwa Phelister, ambaye kwa sasa hatusalimiani.

Ni mimi babako,
Phares Amolo