Boti ya Baba Neema Haiuziki

Jumatatu, 3 Machi

Nimesugua tena viti vya boti. Mara ya ngapi sijui. Kuku wanalala humo, wanakunya humo, msuguaji ni mimi. Baba Neema aliinunua ilipofungwa ile kambi ya wawindaji kule mtoni. Ati atatembeza watalii. Watalii gani? Mwaka wa tatu huu imejaza ua wetu hapa Lipangalala, mimi nashonea barazani. Leo mvua imelowesha sare za watoto wa watu. Nimechoka.

Afadhali amekubali tuiuze. Pesa hiyo nichukue fremu kule Mlabani, na mimi niwe na duka la ushonaji lenye mlango. Mwenye fremu kasema atanisubiri mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Baada ya hapo anampa mwingine.

Alhamisi, 6 Machi

Shabani dalali kaleta mteja, mfanyabiashara wa samaki. Kaipenda. Kapanda, kakaa, kashika usukani, meno yote nje. Nikaenda kuchemsha chai kwa furaha. Narudi, Baba Neema kalala kifudifudi, kafunua zulia la plastiki, anamwonyesha kiraka. Pale kiboko alipoipasua. Bila kuulizwa! Akaongeza na injini: ikipata moto inazima. Mteja hata chai hakumaliza.

Shabani kanuna. Kasema hajawahi kuona muuzaji wa namna hii. Hata mimi.

Jumapili, 9 Machi

Mteja wa pili, moja kwa moja kutoka kanisani. Kiraka tena. Injini tena. Safari hii kaongeza pampu ya kutolea maji, ambayo hata mimi sikujua kuwa ni mbovu. Wenzake biashara matangazo. Yeye matangazo yake ni ya msiba.

Nimemfokea mbele ya Neema. Kajibu kwa upole, na huo upole ndio unaoniudhi: "Mama Neema, gari likizima unashuka. Boti ikizima katikati ya mto unashukia wapi?" Nikamwambia ashukie kwao.

Tumelala mzungu wa nne.

Jumanne, 11 Machi

Baba Neema kaitwa Masagati, kafiwa na mjomba wake. Mungu anisamehe, nimefurahi. Si kwa kifo. Kwa safari. Na mvua hizi, barabara ya huko haimrudishi kabla ya Jumatatu. Nimemfungia maandazi, nimempa pole, na pikipiki haijakata kona nimeshampigia Shabani.

Kiraka nimekifunika kwa zulia jipya.

Ijumaa, 14 Machi

Wamekuja. Kijana na mkewe, mimba kubwa. Wanataka kuvusha watu wa kambi za wavuvi maji yakijaa. Yule binti kanishika mkono, shikamoo mama, akauliza mtoto atalala wapi wakiwa kazini. Nikamwonyesha kile kitanda kidogo cha mbele. Kapanda, kajinyoosha, kacheka. Bei wamekubali bila kubishana. Kijana katoa bahasha.

Sijui ni shetani gani. Nimejikuta nimepiga magoti, nafunua zulia langu mwenyewe. Nikawaambia yote. Kiraka, injini, pampu. Hata habari za kuku.

Wakashukuru, wakaenda zao. Shabani kanipigia simu, kasema kumbe ni ugonjwa wa nyumba nzima. Jioni fremu imechukuliwa na muuza vipodozi. Nimelia kwa hasira. Hasira na nani, sina hata wa kumtaja.

Jumatatu, 17 Machi

Karudi. Matope mpaka magotini, macho mekundu kwa msiba. Hata kabla ya kukaa kauliza kama kuna mteja aliyekuja.

Wiki mbili namwita mjinga. Ningeanzia wapi? Nimemwambia walikuja, ila hawakupenda rangi.

Rangi? Kashangaa kweli. Kaizunguka boti taratibu, anaiangalia. Kasema basi ataipaka nyingine.

Nimemwambia sawa, apake. Nikaenda kumwekea maji ya kuoga.