Siku Tisa Baada ya Kumzika Mama

Sumbawanga, Jumanne

Kaka Cleophas,

Shikamoo. Huku hatujambo. Baridi imeshika, ulezi tumeuvuna wote, na baba ameanza kula kidogo.

Najua ulirudi Kipili na hasira, na simu zangu hupokei, ndiyo maana nakuandikia. Siku ile uliniuliza, "Salome, mama hata arobaini hajafikisha, wewe unaolewa na mgeni wa siku tisini?" Sasa nakujibu. Tangazo la ndoa lilibandikwa bomani mama akiwa mzima, na yeye ndiye aliyenisindikiza. Mama alipofariki, mchumba wangu Lukas alikuwa amebakiwa na siku kumi na tano za kukaa nchini kati ya zile tisini za viza yake. Alisema yuko tayari kurudi kwao Austria, aombe tena ruhusa ya kuja mwakani. Baba ndiye aliyekataa.

"Mama yako alishakubali," alisema. "Nendeni."

Basi tulifunga ndoa Alhamisi, siku ya tisa baada ya mazishi. Nilivaa gauni langu la kazini. Sikulia, kama ambavyo sikulia makaburini. Lukas aliondoka Jumamosi, nami nasubiri kibali cha kumfuata. Siku hizi hata kumwaza nasahau.

Ila kuna jambo moja. Siku ya ndoa, karani wa bomani aliniuliza, "Wazazi wako wote wapo?" Nikamjibu, "Wapo. Mama amebaki nyumbani anapika." Baba alikuwa ameketi pembeni yangu kama shahidi. Aliinamisha kichwa, akachukua kalamu, akasaini.

Mdogo wako,
Salome