Namba Nne Kwenye Redio

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Ukungu tena, Boito yote. Asubuhi Johana, mwenyekiti wetu wa bodaboda, aliita namba kwenye redio kabla hatujabeba abiria. Moja. Mbili. Mimi Molly ni tatu – mwanamke pekee wa steji hii, na sitaki mtu anipigie makofi kwa hilo. Halafu akaita nne. Huwa anaita tu, mazoea. Nne alikuwa Phelix, na Phelix tulimsindikiza kwao Oyugis mwezi wa sita, ndani ya jeneza. Tunanyamaza kidogo, kisha tano anaitika.

Leo nne imeitika. Hakuna neno. Mtu amebonyeza kitufe, tumesikia pumzi, akaachilia.

Kebaso, mwenzetu wa steji, anasema ni betri zimechoka. Lakini alikagua redio yake mara mbili. Nami yangu.

Jumanne, 5 Agosti

Tena! Nne, pumzi, kimya.

Hakuna aliyetaka kutangulia kwenye kona ya mikaratusi. Hapo ndipo trekta la majani ya chai lilimpata Phelix, ukungu kama huu. Tangu siku hiyo, kabla ya kuingia lazima useme, "Naingia kona kutoka juu," uachilie kitufe, usikilize. Ubaya wa redio hizi ni mmoja: mtu akishikilia kitufe, wengine wote hawasikiki.

Nimerudi nyumbani mapema. Naogopa, basi.

Alhamisi, 7 Agosti

Kebaso amenusurika. Alisema anaingia kutoka juu. Ogada, mwenzetu mwingine, naye akasema anaingia kutoka chini. Hakuna aliyemsikia mwenzake – ilikuwa ile pumzi tu, imeshikilia hewa. Kebaso akakwepa, akaingia kwenye shamba la chai na abiria wake. Mama wa watu amevunjika mkono.

Steji ikaanza kuongea mambo ya maombi, mambo ya mchungaji. Johana akawakata. "Hii si mzimu. Mzimu haichaji betri." Redio ya Phelix ilirudi nyumbani ndani ya jaketi yake, na Quinter, mke wake, amerudi hapa kuchuma chai wiki hii. "Molly, enda uichukue. Wewe ni mwanamke mwenzake."

Kazi ya kuvunja moyo wa mtu ni ya wanawake. Asante sana.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeenda. Quinter amenipa chai. Jaketi imening'inia kwenye msumari, bado ina matope. Redio iko mezani, kwenye chaja. Hakuificha.

Akasema huo wakati wa Johana kuita namba ndio alikuwa anamfungia Phelix jaketi. "Sasa nawasikia nyinyi. Akiita nne na mimi ninyamaze, dada yangu, si ni kama nimekubali?"

Nikauliza, na jana?

"Jana nililia. Sikujua kidole bado kiko hapo."

Nikamweleza ya yule mama na mkono wake. Akachomoa redio, akaifuta kwa leso, akanipa. "Chukua. Lakini mtu aitikie badala yake. Mara moja tu kwa siku."

Nilisema sawa. Kwa nini nilisema sawa?

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nimeegemea pikipiki, juu ya kona. Mikaratusi haionekani kabisa. Redio mbili kwa jaketi, yangu na ya Phelix; Johana nimemwambia ninayo.

Johana ameita, amechelewa leo, nina abiria tayari. Tatu, nimesema. Nne.

Nilitaka kunyamaza, kweli. Nikamwona Quinter akilini, amesimama jikoni, hana cha kusikiliza. Nikaingiza mkono mfukoni nikabonyeza. Mara moja tu, nikaachilia. Lakini redio mbili zikikaribiana hupiga mluzi, na hizi zimepiga, kila mtu amesikia.

Halafu Johana, sauti ya chini: "Molly. Si ulisema uko nayo?"

Abiria wangu anauliza mbona hatuendi. Tano haijaitwa. Trekta linanguruma mahali fulani huko chini, na kidole changu bado kiko mfukoni, juu ya kitufe cha Phelix.